Ulikuwa Unamwambia Nini Mtoto Wangu

Ringwani, 9 Juni 2024

Wifi Ester,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa mguu wa mama mkwe umevimba tena. Anatembea hivyohivyo, na mdomo wake hauna uvimbe wowote. Kaka yako Stanslaus yuko kazini kwenye loji ya watalii kule Ikoma, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi na nguo chafu. Mahindi yamebeba vizuri, tunamwomba Mungu tembo wasitangulie kuvuna. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Utashangaa kuona barua. Simu yangu imekufa spika, mtu akiongea nasikia kama yuko ndani ya debe, kwa hiyo usipige. Tuandikiane tu. Athuman muuza vitenge wa Mugumu anakuja Tarime kuchukua mzigo, amekubali kutubebea. Darasa la nne nililopata ndilo hili unaliona, ukikuta neno limekaa vibaya lisogeze mwenyewe.

Werema ana mwaka na miezi miwili sasa. Meno sita, anasimama kwa kushika ukuta. Lakini hasemi. Si mama, si baba, si ile ba ba ba ya watoto wote. Mtoto wa Irine hapa jirani alizaliwa wiki moja naye, na huyo anaita kuku, anaita maji, anaita mpaka mbwa wetu kwa jina. Irine akija kuazima kitu anamkalisha mlangoni kwangu aseme maneno yake yote, kama mtu anayeanika ulezi watu wauone. Namwambia hongera. Akiondoka nafagia hata pale pasipo na uchafu.

Sasa nina swali, ndiyo maana naandika. Siku zile tisa baada ya upasuaji, mimi nikiwa na homa sijitambui, wewe ndiye uliyembeba kifuani kule wodi ya njiti. Wauguzi waliniambia ulikuwa huchoki kumsemesha. Ulikuwa unamwambia nini mtoto wangu? Nataka maneno yenyewe. Niandikie yote, usipunguze.

Mama anakusalimu.

Mimi wifi yako,
Wegesa


Turwa, Tarime, 30 Juni 2024

Mama Werema,

Marahaba. Mimi sijambo, cherehani inanipa kazi, mgongo unanidai kupumzika. Watu wa hapa Turwa wazima. Mwambie mama mguu aukande kwa maji ya moto, asiupake mafuta ya gari kama mwaka jana.

Athuman alinikabidhi barua akicheka. Anasema asubuhi ile ulimpigia simu mwenyewe ukamwelekeza nyumba, mkaongea mpaka habari za mke wake. Spika inayokufa kwa wifi peke yake sijawahi kuiona. Lakini sawa, umesema tuandike, naandika.

Hakuna siri katika niliyomwambia. Alikuwa na kilo moja na robo, kama kifaranga aliyenyonyoka. Nesi Sarah alinifunga naye kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, akaniambia ongea naye. Akasema mtoto wa miezi saba masikio yake yameshaanza kazi, kule tumboni alizoea sauti ya mama yake, sasa ameng'olewa ghafla anasikia mashine zinalia tu. Ubongo wake unajifunza lugha hata kabla ya kufungua macho vizuri. Basi nikaongea. Nilimweleza juu ya zipu za siku hizi zinavyokatika. Nilimweleza juu ya mke wa mchungaji anayeleta kitambaa cha mita mbili anataka gauni la mita nne. Na kila siku nilimwambia, mama yako yuko jengo la pili, anaumwa, atakuja. Nikichoka kuongea naimba nimefumba mdomo, basi.

Usimpime na mtoto wa Irine. Nesi alisema umri wa njiti uhesabiwe toka mwezi aliotakiwa kuzaliwa. Yeye alitakiwa Julai, akaja Aprili, kwa hiyo kwa hesabu hiyo ndiyo kwanza anatimiza mwaka. Lakini Wegesa, hata kwa hesabu hiyo ba ba ba ingekuwa imeshatoka. Mpeleke akapimwe masikio. Kama huko ni mbali, mlete hapa akae nami hata miezi miwili, nitahangaika naye.

Wako,
Ester


Ringwani, 18 Agosti 2024

Wifi,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema Julai, nimekaa nayo. Mahindi tumevuna, tembo walipita mara moja tu. Mama hajambo. Stanslaus hajambo. Ndama hajambo.

Simu ni nzima.

Lile neno uliloliweka mwishoni, kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali, nimelikuta. Mlete akae nami. Wifi, najua Mungu hakukupa. Lakini hakukupa wangu pia.

Hata jina ulimpa wewe. Mimi nilikuwa nimemwandalia Mogesi kwa kuwa alitakiwa aje kwenye mavuno. Nikazinduka kwenye homa nikakuta kadi ya kliniki imeshaandikwa Werema, kwa sababu watu walikuwa na majembe mikononi. Nilinyamaza. Shangazi ana haki yake, mimi nimetoka ukoo mwingine, nikanyamaza.

Pasaka ulikuja hapa. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwita kwa jina, kwa mluzi, kwa makofi, ananipa kisogo. Wewe ukaingia, hata maji hujanywa, ukampakata kifuani ukafumba mdomo ukaimba ule wimbo wako usio na maneno. Mtoto akainua kichwa. Akatulia. Akaweka kiganja chake kooni kwako. Mimi nilikuwa nakata mboga, nikajikata kidole, nikasema ni kisu kipya. Ndiyo maana sitaki upige. Nilikuwa namwekea simu sikioni kwa adabu tu, huku namchungulia usoni kama atakutabasamia.

Na ngoja nikuambie jambo usilolijua. Nilipopona nikaanza kumbeba mwenyewe, mama yenu aliniambia hivi: mtoto aliyewahi bado yuko njiani, usimwite wala usimsemeshe, atashtuka arudi alikotoka, subiri mpaka mwezi wake ufike. Yeye ndivyo alivyolelewa. Na mimi nikaogopa, wifi, nani asiogope na mtoto wa kilo moja. Nilimbeba kifuani wiki saba nikiwa bubu. Nesi akinihimiza niongee, nilikuwa natikisa midomo aone naongea. Halafu wewe unaingia na chupa ya uji, unapiga naye soga kama mko mnadani.

Umeandika mwenyewe kwamba ubongo wake ulikuwa unajifunza wakati ule. Basi amejifunza wewe. Nyumba umeijenga wewe, mimi nimefika udongo umeshakauka.

Wegesa


Turwa, 3 Septemba 2024

Mama Werema,

Hapa wazima. Vuli bado.

Barua yako nimeisoma mara moja. Ya pili sikuweza. Niliketi kushona, nikaunga mikono ya gauni zima ndani nje, nikafumua yote.

Maneno yale mama aliniambia na mimi, vilevile, palepale mlangoni mwa wodi. Nilisema ndiyo mama, nikaingia nikafanya yangu, kama nilivyofanya toka utoto. Wewe ni mkamwana, huwezi kumfanyia hivyo. Hilo sikulifikiria. Ningejua unamtikisia midomo, ningekukalisha chini siku ileile.

Umeandika Mungu hakunipa. Ni kweli. Na mimi nikupe la kweli. Wauguzi wa zamu mpya waliniita Mama Werema. Siku ya kwanza lilikuwa kosa lao. Siku nane zilizofuata nilikuwa naitika. Ulipoingia unatembea kwa kushika ukuta, nesi mmoja akakuuliza wewe ni nani wa mtoto, na mimi niliyejua jibu nilichelewa kulisema. Labda uliona, labda hukuona.

Mtoto sikuombi tena. Lakini masikio si yangu wala yako, ni yake. Kama hutaki yapimwe mimi nikiwepo, kaka yangu ana miguu. Mpelekeni.

Ester


Ringwani, 27 Oktoba 2024

Wifi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Neno lile nililiandika nikaliona limekaa vizuri, nikafunga bahasha kabla halijanigeuka.

Niliona ulivyochelewa kumjibu yule nesi. Nilikuwa nimeshika ukuta lakini macho yalikuwa mazima.

Mama anatembea mpaka kisimani sasa. Stanslaus alikuja na sabuni ya wageni yenye harufu ya ndimu, anasema wanaiacha. Tumeanza kupanda.

Nilikuandikia kwamba tembo walipita mara moja tu. Sikukuandikia yote. Ilikuwa Julai, alfajiri, wakaingia shamba la Irine wakateremka kwetu. Watu wote wakatoka na madebe, sufuria, mapipa, mbwa wanabweka, wanaume wanapiga kelele. Mtoto wa Irine alilia mpaka akatapika. Werema nilikuwa nimemfunga mgongoni, nagonga debe kwa mchi, mikono ilikufa ganzi. Walipoondoka nikamfungua. Alikuwa amelala, mdomo wazi, jasho kidogo puani. Mama akaita watu waje waone, akasema huyu mura, kijana wetu huyu, ana moyo wa babu zake, tembo hawamwamshi. Watu wakasifu. Na mimi nikapokea zile sifa, nikazipeleka mpaka kisimani.

Nilijua, wifi. Debe lilikuwa mkononi mwangu, mimi mwenyewe nilikuwa nasikia linavyoumiza. Lakini nikasema moyoni, mtoto anayekataa sauti yangu anaweza siku moja akaikubali. Asiyesikia je? Nikaona afadhali awe amekupenda wewe. Nikashika lawama yako nikaitembeza miezi mitatu, maana ilikuwa nyepesi kuliko ile nyingine.

Juzi nimempeleka Mugumu. Daktari akagonga kitu nyuma ya kichwa chake, mara tatu, akaniangalia. Ametuandikia hospitali kubwa Mwanza tarehe ishirini Novemba. Stanslaus wageni wamejaa, hawampi ruhusa. Mimi fomu za huko sizijui, naogopa kuweka sahihi pasipo pake. Twende wote. Nakuomba.

Wegesa


Turwa, 5 Novemba 2024

Mama Werema,

Nitakuja. Wateja nimewaambia wiki hiyo cherehani inaumwa.

Tukutane stendi ya Bunda tarehe kumi na tisa, mbele ya wauza machungwa. Usipande gari la mwisho. Chukua kadi ya kliniki, ile ile, hata kama jina linakuudhi. Beba na sweta, Mwanza wodini ni baridi.

Kama hutaki nimsemeshe mtoto, niambie mapema pale stendi, usinikonyeze mbele za watu.

Ester


Ringwani, 8 Desemba 2024

Wifi Ester,

Shikamoo. Tulifika salama, Werema alilala tangu Bunda mpaka Mugumu juu ya ule mfuko wako. Mama amepokea kitenge ulichompa, amesema rangi ni ya vijana, amekivaa kesho yake. Mahindi yamefika magotini.

Safari nzima ulikaa kimya. Sikukukataza, uliamua mwenyewe. Abiria walidhani tumegombana.

Uliona walivyombandika zile waya za kipimo kichwani akiwa usingizini. Lakini daktari aliponiita ndani wewe ulibaki kwenye benchi, na nilipotoka nilikupa nusu ya habari. Nilikuambia masikio yote mawili hayasikii vizuri, kuna vifaa. Nikaanza kulia, ukanishika, yakaishia hapo. Nusu nyingine ndiyo hii.

Daktari alisema anapata sauti nzito tu, tena za karibu sana. Maneno yanamfikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani ukutani. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Akasema kunyamaza hakukuharibu sikio, njiti wengine hupata shida hiyo, hakuna aliyelitenda. Ila ubongo wa mtoto una sehemu inayongoja kulishwa maneno, na haingoji miaka yote, akaniambia kuanzia sasa usinyamaze tena mama. Nikamuuliza, mbona kwa shangazi yake anageuka? Akaniuliza anafanyaje. Nikamweleza ule wimbo wa kufumba mdomo. Akaweka mkono kifuani pake mwenyewe, akasema hapa panatetemeka, mtoto anauhisi kwenye ngozi, hausikii.

Wifi, pale kwenye kiti, mtu ananieleza kwamba mwanangu hasikii, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni kilikuwa furaha. Nilifikiri, kumbe hata yeye hakumsikia. Siku zile tisa zote, zipu na mchungaji na mama yako atakuja, hakusikia hata moja. Nilifurahi, Mungu ananiona, kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Halafu ndiyo machozi yakaja. Wewe ukadhani nalia kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa nalia kwa ajili yake, lakini na kwa kujiona nilivyo.

Sasa ombi, na ukikataa sitakulaumu. Vifaa anavalishwa mwishoni mwa Januari. Stanslaus ameahidiwa ruhusa. Nataka twende sisi wawili na mtoto. Na tukirudi, nipe mwezi mmoja. Usije, usipige. Nataka sauti ya kwanza iwe yangu, na ya pili, na ya mia. Najua ni uchoyo. Ningeweza kukudanganya kwamba daktari ndiye aliyesema.

Wegesa


Turwa, 22 Desemba 2024

Mama Werema,

Marahaba. Hapa ni nguo za Krismasi, nashona mpaka ndotoni. Kwa hiyo siandiki sana.

Yaani siku tisa nilikuwa naongea na ukuta. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mtoto mmoja nilimpa siri zote za mke wa mchungaji na hakupokea hata moja. Mteja alipoondoka nilifunga duka mapema.

Nimejaribu kukukasirikia kwa ile furaha yako, hasira haikukaa. Ingekuwa mimi ningefurahi pia. Tena mimi nisingeandika.

Mwezi mmoja nakupa. Nina sharti. Kila siku, mara moja, kwa sauti yako hiyo, umwambie kwamba ana shangazi. Usinisifu, wala usieleze lolote. Sema tu kwamba yupo.

Ester


Ringwani, 2 Machi 2025

Wifi Ester,

Shikamoo. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, Athuman amekwama Mugumu, sijui barua hii itakufikia lini. Mama ana mafua. Irine ana mimba nyingine. Stanslaus amerudi Ikoma, ameniachia sabuni tatu za ndimu.

Alivalishwa. Daktari anaviita shimesikio, vinakaa nyuma ya sikio kama punje ya mahindi, na kamrija kanaingia ndani. Akaviwasha, akanionyesha kwa kidole kwamba sasa mama sema. Wifi, mwaka na miezi tisa nasubiri kusema, na mimi nikaanza kumfunga vifungo vya sweta. Stanslaus akanisukuma begani. Nikasema jina lake, Werema. Akashtuka akalia kama amechomwa. Sauti yangu ya kwanza ilimliza. Daktari akacheka akasema huko ndiko kusikia, wengi wanaanza hivyo, lakini mimi nilikuwa nimekaa vibaya kwenye kile kiti.

Toka siku hiyo naongea. Nakoka moto namweleza, nakamua namweleza, nachambua ulezi namweleza, koo limekauka, mama amelalamika kwamba nyumba imegeuka kituo cha redio. Alikuja mwenyewe jioni moja akaketi karibu na mtoto, akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kumsemesha na yeye. Nikamwambia ndiyo mama. Akamweleza habari za ng'ombe wa baba yake, mpaka giza likaingia. Anavuta vile vifaa Werema, anavitupa kwenye majivu, naviokota navipangusa. Hasemi bado. Wiki ile ya kwanza alifunga mlango akasikia kishindo, akaufungua akaufunga tena. Mara ishirini. Sikumkataza.

Sasa sharti lako. Siku nne za kwanza sikulitimiza. Nilijiambia nimesahau, sikuwa nimesahau. Siku ya tano nililisema, lakini nikiwa nimemgeuzia mgongo, nimeinama kwenye jiko, haraka haraka kama mtu anayelipa faini. Una shangazi, yupo Tarime.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Ameacha mlango, ameacha kila kitu, ananitazama kama anasubiri niendelee. Ikabidi niendelee. Nikamwambia anaitwa Ester, ni mrefu kuliko mimi, anashona. Nikamwambia ulimbeba mimi nikiwa siwezi. Nikamwambia alichokikosa, zipu, mchungaji, kitambaa cha mita mbili, nilivyokumbuka kwenye barua yako, mpaka maziwa yakamwagika yakazima moto. Nikafika pale pa mama yako yuko jengo la pili, anaumwa, atakuja. Hapo nilikaa chini kwanza, ndipo nikalisema.

Mwezi umeisha wiki iliyopita, nilijipa siku saba za wizi. Wivu bado upo, usidhani umetoka, ukimpakata naweza nikajikata kidole kingine. Njoo hivyohivyo. Barabara ikikauka, panda gari la asubuhi, na ukifika usifumbe mdomo.

Wegesa